Wadudu wachache, damu imeisha: hivi vifuko vya vimelea vinafanya kazi gani?

Swali limetoka kwa kijana anayeishi Usa River, mifugo ya familia iko upande wa Simanjiro. Nalifupisha hivi: "Mtamba wa baba alidhoofika, tukamwita daktari wa mifugo akachukua damu ya sikio, akaangalia kwenye maikroskopu akasema ni ugonjwa wa ndorobo, ila wadudu wenyewe ni wachache sana, kaona mmoja wawili tu. Sasa mbona damu imeshuka kiasi kile, fizi nyeupe kabisa, hata kutembea hadi lamboni hawezi? Alafu rafiki yangu anasoma chuo pale Tengeru, ananiambia hao wadudu wanatoa vifuko vidogo vya kuongea na mwili wa ng'ombe. Kuna kitu kama hicho kweli? Na kama kipo, kinahusiana na mtamba wetu?"

Mdogo wangu, pole kwa mtamba, na rafiki yako hajakudanganya. Maswali yako mawili ukiyaangalia vizuri ni swali moja. Sisi tumezoea kuwaza kwamba mdudu akiwa mmoja basi madhara yake ni ya mmoja, wakiwa elfu madhara ni ya elfu, kwahiyo tunahesabu wadudu kwenye kioo tunadhani tumepima ugonjwa. Lakini kimelea hahitaji kuigusa seli ya ng'ombe ndo aiharibu, anaweza akawa yupo mbali kabisa na akatuma mzigo ukaenda kufanya kazi bila yeye. Hivyo vifuko ndo mzigo wenyewe.

Kwanza kifuko ni nini. Seli yoyote ile, ya kwako, ya ng'ombe, ya mmea wa mahindi shambani, ya kimelea, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na huo utando haujakaa tu kama ukuta wa tofali, una mwendo, unachomoza, unabonyea, na mara nyingine kipande kinachomoza kinakatika na papo hapo kinajifunga chenyewe kama povu la sabuni. Ndani yake kimebeba vitu vilivyokuwa kwenye seli, protini, vipande vya RNA (zile nakala za maelekezo ya jeni), mara nyingine DNA, na juu ya utando wake kimebeba protini za seli iliyokitoa, kwahiyo kinakwenda na sura ya mwenye nacho. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni kama ule mfuko wa rambo tuliokuwa tunawekea rambo nyingine ndogondogo jikoni: ndani ya seli kuna mfuko mkubwa uliojaa vidogo, unasogea mpaka kwenye utando wa nje, unaungana nao, unafungukia nje na kumwaga vile vidogo vyote. Hivi vya njia ya pili ndo vinaitwa eksosomu, ni vidogo sana, nanomita 30 hadi 150 hivi, na vile vya kukatika moja kwa moja kwenye utando vinaweza kufika hata nanomita 1,000.

Sasa nanomita ni udogo gani? Vifuko vya nanomita 100 ukivipanga mstari unahitaji 10,000 ndo upate milimita moja. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu upana wake ni kama nanomita 7,000, na tripanosoma mwenyewe, huyo kimelea anayeletwa na inzi ndorobo, ambaye sisi tunamwita mdudu tu, urefu wake ni kama nanomita 20,000 mpaka 30,000. Maikroskopu ya kawaida ya mwanga mwisho wake ni kama nanomita 200, chini ya hapo haioni umbo la kitu. Kwahiyo daktari wako hakukosea, alichokiona ndo kinachoonekana, hivi vifuko hata angekaa na ile slaidi mpaka jioni asingeviona.

Na hata sisi wa maabara tulichelewa sana kuviona, nikuambie ukweli. Mwaka 1967 Peter Wolf kule Uingereza aliona vipande vidogo vinavyotoka kwenye chembe sahani za damu, akaviita vumbi. Mwaka 1983 timu mbili, moja ya Rose Johnstone kule Montreal na nyingine kule St. Louis, walikuwa wanaangalia chembe nyekundu changa, namna zinavyokua na kupoteza protini fulani inayopokea madini ya chuma, wakaona ile protini inatolewa nje ndani ya vifuko. Na hizo chembe za Johnstone zilikuwa za kondoo, napenda kuwakumbusha wanafunzi wa mifugo kwamba jambo hili mlango wake mmojawapo ulikuwa zizini. Mwaka 1987 ndo jina eksosomu likashika. Lakini kwa miaka mingi watu wengi walisema hizo ni takataka za seli, seli inafagia nyumba yake basi. Mwaka 1996 ikaonekana vifuko vya seli za kinga vinaweza kuiamsha kinga, na 2007 watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba vinabeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine na ile RNA ikifika inafanya kazi kule ilikofika. Hapo ndo watu wakaacha kusema takataka.

Mimi mwenyewe naumia kidogo nikikumbuka. Nilipoanza kazi ya maabara hapa Arusha tulikuwa tunakuza vimelea kwenye chupa, tunazungusha kwenye mashine ili wenyewe watulie chini, tunawachukua wale wa chini, na yale maji ya juu tunamwaga sinki. Miaka na miaka. Kumbe nusu ya habari ilikuwa kwenye yale maji tuliyomwaga, kwa sababu vifuko haviendi chini kwa mzunguko wa kawaida, vinataka mashine ya kasi kubwa mno, mara 100,000 ya nguvu ya uvutano. Vijana wangu sasa hivi nawakataza kumwaga kitu kabla hawajajua kina nini.

Turudi kwa ndorobo. Tripanosoma anaishi ndani ya damu, hajifichi ndani ya seli kama wa malaria, yupo wazi kabisa kwenye maji ya damu akiogelea kwa mkia wake. Kinachomlinda ni koti. Mwili wake wote umefunikwa na protini ya aina moja, nakala kama milioni 10 kwa mdudu mmoja, zimesongamana hadi kinga haioni kitu kingine chochote. Ng'ombe anatengeneza silaha za kulipiga hilo koti, wadudu wengi wanakufa, lakini wachache wameshabadili koti, wana akiba ya jeni za makoti zaidi ya 1,000, na hao ndo wanaongezeka tena, kinga inaanza upya. Kwahiyo wadudu kwenye damu wanapanda na kushuka kama mawimbi, na hii ni sababu ya kwanza kabisa ya daktari kuona mmoja wawili: inawezekana mlipima siku wimbi limeshuka. Usiiruke hiyo sababu kwa kukimbilia vifuko, ni ya zamani lakini ni ya kweli.

Sasa mwaka 2016 ikatoka kazi moja ya timu ya Stephen Hajduk kule Georgia, Marekani, na kwangu mimi ni moja ya kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa kuhusu huyu mdudu. Walimwangalia tripanosoma kwa hadubini kali, wakaona kwenye utando wa mkia wake zinachomoza nyuzi ndefu nyembamba sana, mirija kama uzi wa buibui, zinarefuka, alafu zinakatika vipande vipande na kila kipande kinajifunga kinakuwa kifuko huru. Wakavikusanya wakaangalia vina nini, wakakuta vimebeba protini za mkia, lile koti, na vitu kadhaa ambavyo tulishajua ni silaha za huyu mdudu. Wakaviweka pamoja na chembe nyekundu. Vile vifuko vikagusa zile chembe na kuungana nazo, yaani utando wa kifuko ukaingia ukawa sehemu ya utando wa chembe nyekundu, kama tone la mafuta linavyoungana na tone lingine kwenye mchuzi.

Fikiria sasa chembe nyekundu ambayo haijawahi kugusana na mdudu hata mara moja, inatembea zake kwenye mshipa, leo imevaa utando wa tripanosoma. Utando wake umebadilika ugumu na tabia. Ikipita kwenye bandama na ini, ambako kuna seli kubwa za kinga zinazokagua kila chembe inayopita na kumeza zilizochakaa, inaonekana mbovu, inamezwa. Walipowapa panya vile vifuko, chembe nyekundu zikaondolewa kwa kasi na panya wakapungukiwa damu. Unaona? Vifuko vyenyewe tu vilitosha. Wadudu wakifa leo, vifuko vilivyokwisha kutoka vinaweza kuwa bado vinazunguka na chembe zilizoguswa bado zikaenda kumezwa.

Je, ndo kilichompata mtamba wa baba? Hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu sitaki ukasimulie kijiweni kitu ambacho sikukisema. Kazi ile ilifanywa kwa Trypanosoma brucei na kwa panya. Ng'ombe wetu mara nyingi wanaumwa na ndugu zake wawili, Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax. Na upungufu wa damu wa nagana, yaani huu ugonjwa wa ndorobo kwa ng'ombe, una sababu zaidi ya moja: zile seli za kumeza zinapandwa na hasira kupita kiasi zinakula hata chembe nzima, na uboho baadaye unachoka kutengeneza damu mpya. Vifuko ni sehemu ya hadithi, siyo hadithi nzima. Congolense pia ana tabia ya kujibandika kwenye kuta za mishipa midogo, ndo maana daktari alichukua damu ya sikio na siyo ya shingo, alijua anachofanya. Lakini kile kilichokusumbua wewe, kwamba wadudu wachache na uharibifu mkubwa haviendani, hicho nakujibu bila wasiwasi: vinaendana. Idadi ya wadudu kwenye slaidi haikuambii ukubwa wa uharibifu, kuanzia leo ukisikia mtu anasema "ni wachache tu, atapona mwenyewe" mkatalie.

Kuna sehemu nyingine ya kazi ile ile ambayo inatuhusu sisi watu na siyo ng'ombe peke yao, na kwa sisi tunaoishi karibu na Tarangire ni muhimu mno. Damu ya binadamu ina protini inayoua tripanosoma wa kawaida, inaitwa APOL1, inaingia ndani yao inawatoboa wanakufa. Ndo maana wewe umeng'atwa na ndorobo tangu utoto ukichunga na hukuugua malale. Lakini kuna aina moja, Trypanosoma brucei rhodesiense, yule wa malale wa huku kwetu Afrika Mashariki, ambaye ana protini yake inaitwa SRA, inaikamata APOL1 kabla haijafanya kazi. Anaishi ndani ya wanyamapori na ng'ombe bila shida, alafu ndorobo anamleta kwa mtu. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire waliugua malale wakagunduliwa wakiwa wamesharudi makwao, watu wa utalii hapa Arusha wa umri wangu wanaukumbuka ule mwaka.

Sasa wale watafiti wakakuta SRA imo ndani ya vifuko vya rhodesiense. Wakavichukua wakawapa tripanosoma wa kawaida, wale wanaouawa na damu ya mtu. Wakaunganika navyo, wakaipata SRA, wakaistahimili damu ya binadamu! Mdudu dhaifu kaazimwa ngao na mwenzie. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikatembea kidogo nje, kwa sababu sisi miaka yote tumekuwa tukiwagawa, huyu ni wa ng'ombe, huyu ni wa mtu, na kipimo chetu cha kuwatofautisha ni kuangalia kama jeni ya SRA ipo au haipo. Ila zingatia hapa, kilichoazimwa ni protini, siyo jeni. Mdudu aliyepewa protini hana maelekezo ya kutengeneza nyingine, akigawanyika watoto wanagawana ile ile mpaka inaisha. Kwahiyo usiogope kwamba kila mdudu wa ng'ombe kesho atakuwa wa mtu. Ni ngao ya muda, lakini kwa kimelea muda mfupi ndo unaotakiwa ili aanze maisha.

Na wanaongea wao kwa wao pia. Mwaka 2017 watafiti wa Israel walionyesha kwamba tripanosoma wa hatua ile ya ndani ya ndorobo, wakipata shida kwenye utengenezaji wa RNA zao wanatoa eksosomu kwa wingi zaidi, na wenzao wazima wanaotembea kwa makundi wakikutana na zile eksosomu wanakwepa, wanageuza njia. Ni kama punda wa mbele akisimama na kukoroma, wa nyuma hawasogei.

Umeniuliza kuhusu ndorobo lakini siwezi kuiacha malaria, hasa kwa ndugu zetu wa Moshi chini, Mabogini huko kwenye mifereji ya mpunga na TPC kwenye mashamba ya miwa. Plasmodium falciparum anaishi ndani ya chembe nyekundu, yaani kajifungia chumbani. Kati yake na dunia kuna utando wake, utando wa chumba alichojijengea, na utando wa chembe yenyewe. Watu walidhani kila mmoja yupo peke yake mle ndani hana habari za mwenzie. Mwaka 2013 zikatoka kazi mbili mwaka huo huo. Moja ya Neta Regev-Rudzki na wenzake kule Melbourne: walitengeneza vimelea wa makundi mawili, kundi hili lina kipande cha DNA cha kustahimili dawa ya kwanza, kundi lile cha kustahimili dawa ya pili, wakawachanganya, wakaweka dawa zote mbili kwa pamoja. Kwa akili ya kawaida wote wanatakiwa wafe. Hawakufa wote. Walikuwa wamepeana vile vipande kwa vifuko, kutoka chembe nyekundu moja hadi nyingine. Kazi ya pili ilikuwa ya Pierre-Yves Mantel na wenzake, nayo ikaonyesha vifuko vinavyotoka kwenye chembe zenye malaria vinaiwasha kinga ya mwili. Na zote mbili ziligundua kitu kimoja, kwamba vifuko vikiwa vingi vimelea wanaanza kugeuka kuwa gametosaiti, ile hatua ya kiume na kike inayosubiri kunyonywa na mbu. Kama vile wanahesabiana: humu tumeshajaa, au hali imekuwa mbaya, tujiandae kuhama.

Hapo kwenye kupeana DNA nisisitize, vile vipande viliwekwa na watafiti kwa makusudi maabara ili waone kama vinasafiri. Usugu wa dawa tunaouona mitaani unasambaa kwa mbu na kwa watu kutumia dawa nusu dozi, siyo lazima kwa vifuko. Lakini mlango upo na umeonekana.

Kuna lingine la malaria ambalo ndo hasa neno "kuwasiliana na mwili" linapata maana. Ile chembe nyekundu haina kiini, lakini ina vipande vya RNA ndogo vilivyobaki tangu ilipokuwa changa. Kimelea anapoisukuma itoe vifuko, vinatoka na hizo RNA za mwenyeji mwenyewe, vinakwenda kuingia kwenye seli zinazotandaza ndani ya mishipa, na kule zinazima jeni fulani, ukuta wa mshipa unalegea unaanza kupitisha vitu. Yaani anatumia barua iliyoandikwa na mwenye nyumba kumdanganya mwenye nyumba. Kazi nyingine ya 2017 ikaonyesha kwamba kimelea akiwa bado mchanga, ndani ya saa 12 za kwanza tangu aingie kwenye chembe, anatuma vifuko vyenye DNA yake kwenye seli za kinga, vinaamsha kengele inayohusika na virusi, siyo ya malaria. Na nyuma kidogo, 2004, kwa watoto wa Malawi waliokuwa wamezimia kwa malaria kali, damu yao ilikutwa na vifuko vingi vilivyotoka kwenye kuta za mishipa kuliko watoto wa malaria ya kawaida. Mama aliyewahi kukaa na mtoto wa namna hiyo wodini hana haja ya kuelezwa kwa nini tunahangaika na vitu vya nanomita.

Wengine nitawapitia haraka. Lishmania, kimelea anayeleta kala-azar, ule ugonjwa wa homa ndefu na bandama kuvimba, kwa majirani zetu Baringo na Turkana kule Kenya, anaingia ndani ya zile seli za kumeza na kuishi humo humo, na vifuko vyake vimebeba mkasi wa protini unaokatakata mitambo ya kinga ya seli. Mwaka 2015 ikaonekana anavitoa hata akiwa bado tumboni mwa kijiinzi kinachomleta, na kinapouma kinatema vimelea pamoja na vifuko, na panya waliopata vyote pamoja walipata vidonda vikubwa kuliko waliopata vimelea peke yao. Mzigo unatangulizwa ili mgeni akifika akute mlango umeshalegezwa. Na trikomonasi, yule wa magonjwa ya zinaa ambaye watu wanatibiwa kwa Flagyl, ana aina zinazong'ang'ania sana ukuta wa uke na aina zisizoshika vizuri, ukichukua vifuko vya wale wanaong'ang'ania ukawapa wasioshika, nao wanaanza kushika. Hiyo ilionyeshwa na maabara ya Patricia Johnson kule Los Angeles, 2013 pia. Ule mwaka ulikuwa mwaka.

Utajiuliza, kama wao wanatuma sisi tumekaa tu? Hapana. Mwili nao unatuma vifuko, na baadhi yake vinasaidia. Watafiti wa Barcelona mwaka 2011 walichukua vifuko kutoka kwenye chembe changa za panya wenye malaria ya panya, wakawachanja panya wengine, na wengi wao walipowekewa malaria ile inayoua wakahimili. Kwa wafuga kuku, na najua Usa River mko wengi, Hispania wamejaribu vifuko vya seli za kinga vilivyobebeshwa protini za yule kimelea wa koksidiosisi, kuku wakapata kinga nzuri. Bado hakuna chanjo ya namna hii dukani, usije ukauziwa na mtu. Lakini njia ipo na mimi naiamini, kwa sababu kifuko kinabeba protini nyingi za kimelea kwa mpangilio wake wa asili, na kinga inajifunza vizuri zaidi ikionyeshwa kitu kizima kuliko kipande.

Sasa mtamba. Kwanza mwambie daktari apime wingi wa damu, ule mrija mwembamba unaozungushwa alafu unasoma chembe nyekundu zimekuwa asilimia ngapi. Ng'ombe mzima anakuwa kati ya 24 na 46, chini ya 24 ameshapungukiwa. Hiyo namba ndo iwe mwongozo wenu wa kila wiki, siyo idadi ya wadudu. Pili, na hapa nakuomba sana usipite haraka, kwa fizi nyeupe kiasi hicho mwombe aangalie na magonjwa ya kupe kwenye slaidi hiyo hiyo, ndigana baridi na ule wa mkojo mwekundu, kwa sababu Simanjiro ng'ombe mmoja kuwa na ndorobo na ugonjwa wa kupe kwa wakati mmoja ni jambo la kawaida, na dawa ya moja siyo lazima iwe dawa ya lingine. Nimeona watu wanalaumu dawa ya ndorobo kumbe ng'ombe ana ndigana baridi pembeni.

Dawa ya ndorobo ichomwe kwa uzito, pimeni kifua kwa utepe, msikadirie kwa macho. Ukichoma pungufu unawafundisha wadudu kuizoea. Na baada ya sindano wadudu wakitoweka msitegemee fizi ziwe nyekundu kesho yake, nimeshakueleza chembe zilizoguswa zinaweza kuendelea kuondolewa na uboho unahitaji wiki kadhaa kujaza pengo. Kwahiyo asirudishwe kwenye safari ya lambo mapema, mleteeni maji na majani kivulini, na asifungwe jembe la kulima wala kupelekwa mnadani Meserani akiwa hivyo. Watu wa hapo nyumbani wanaochunga upande wa hifadhi, akitokea mmoja ana homa, kichwa, na kidonda chekundu mahali alipong'atwa, na kipimo cha malaria kimetoka hamna, aende hospitali aseme wazi "ninachunga kwenye ndorobo," aliseme mwenyewe maana daktari wa mjini anaweza asiwaze malale, na malale ya huku inaua ndani ya wiki au miezi michache isipotibiwa.

Mkitaka kuleta damu mjini ipimwe vizuri, iwekwe kwenye ile chupa ndogo ya kofia ya zambarau, igeuzwe taratibu mara kadhaa isigande, ikae kwenye ubaridi ila isigandishwe na barafu, ifike siku hiyo hiyo. Na muandike kwenye karatasi tarehe ya sindano ya mwisho na jina la dawa, kwa sababu hicho ndo kitu cha kwanza nitakachowauliza.